Una simu kubwa, ki-MP3 cha nini?

Mpanda_Mpunga (Igurusi): Wakuu, kamwene, ndaga, na shikamooni wanaostahili. Juzijuzi nimenunua pale Mwanjelwa kidude cha kupigia nyimbo, ki-MP3 cha mtumba, elfu ishirini na tano. Kioo chake ukubwa wa ukucha wa dole gumba, vitufe vitano, na tundu la memori kadi. Tangu nifike nacho nyumbani nachekwa: "Una simu kubwa, hicho cha nini?" Simu nikienda nayo shambani, saa nane mchana imekufa, na jioni madalali wananitafuta hawanipati. Hiki nimekichaji Jumapili, leo Jumatano kinaimba. Laibrari, wale wa duka la kuingiza nyimbo kwenye kadi, wamenijazia nyimbo mia nane kwa elfu tatu. Nimepigwa au sijapigwa?

Kihesa_Juu: Umepigwa, mkuu. Apple wenyewe walianza na iPod mwaka 2000 na wameshaizika. Ukikamatwa mjini na hicho kidude wanajua umeshuka na lori la mpunga.

Fundi_Kabwe: 2001, mwezi wa kumi. Na wameizika 2022, hapo uko sawa. Ila hivi vidude vilikuwepo kabla ya iPod. Wakorea walitoa MPMan 1998, ina MB 32, nyimbo nane hivi imejaa. Mkuu wa Igurusi, ulichonunua ni kizuri ukijua tabia zake. Usikipe kadi ya zaidi ya GB 32, vingi vya bei hiyo havitaisoma. Nyimbo kinazipanga kwa jinsi zilivyoingizwa, siyo kwa alfabeti, kwa hiyo usishangae msiba umeingia katikati ya harusi. Na betri ikianza kuvimba, kifuniko kikanyanyuka, acha kukichaji siku hiyo hiyo.

Mpanda_Mpunga: Asante fundi. Kihesa_Juu, hilo lori la mpunga unalolidharau ndilo linalowalisha Iringa sikukuu zote. Au siku hizi pilau mnapikia mahindi?

Kihesa_Juu: Sisi ugali wetu hatuombi mtu.

Mpanda_Mpunga: Nani kakuomba ugali?

Mzee_Mafinga: Vijana, tulieni. Mimi nilikuwa na Walkman ya kaseti, mkanda ukimezwa unauvuta taratibu halafu unauzungusha kwa kalamu. Hicho cha MP3 kwangu ni anasa. Kibaya chake ni maandishi, miwani miwili na bado sioni jina la wimbo.

Derevamate_Tunduma: Mzee shikamoo. Maandishi ya nini sasa? Mwezi wa sita alfajiri pale Uyole, mkono ukiutoa mfukoni unaganda. Ki-MP3 unakibonyeza ndani ya koti, kidole kinajua chenyewe kitufe cha kuruka wimbo kiko wapi. Simu ya kioo mpaka uitoe, uifungue, uvue glavu. Na nyingi za hizi mpya hata tundu la hedifoni hazina.

Kihesa_Juu: Bluetooth ipo, ndugu.

Derevamate_Tunduma: Nayo ina betri yake. Sasa una vitu viwili vya kuzimika.

Sauti_ya_Pili: Naomba nirudi juu. "Nyimbo mia nane kwa elfu tatu." Mia nane! Kwaya yetu tumechangishana miezi saba kulipa studio, watu wameuza kuku. Albamu tunauza elfu tano, imenunuliwa na ndugu zetu tu. Lakini nikipita stendi naisikia inapigwa. Nani kailipia?

Mpanda_Mpunga: Dada, kwa hiyo mimi mwizi?

Sauti_ya_Pili: Sijasema mwizi. Nimeuliza nani kailipia.

Mpanda_Mpunga: Umesema mwizi kwa adabu. Nimekuja kuuliza habari ya betri, naondoka na kesi.

Flashi_na_Kadi: Mimi nina laibrari, si hiyo ya mkuu, ila ngoja niwasemee wenzangu. Siuzi wimbo. Nauza umeme, kompyuta na muda wangu wa kuketi hapa kukuchagulia. Wanakwaya wenyewe wananiletea, "tuwekee watu watusikie".

Sauti_ya_Pili: Sisi hatukukuletea. Na sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, hiyo ya umeme na muda hutaikuta humo.

Flashi_na_Kadi: Basi na wenye YouTube nao wakamatwe.

Fundi_Kabwe: Wewe wa laibrari, kosa lako lingine hulisemi. Mnabana nyimbo ziingie nyingi. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 4, kwa 320 unakaribia MB 10. Mkishaubana mkauongeza tena mkaandika "HQ", yaani ubora wa juu, kilichotoka hakirudi, faili ndiyo inanenepa tu. Kwaya ndiyo inayoumia, sauti ya pili na ya tatu zinakuwa uji mmoja.

Sauti_ya_Pili: Umesikia? Wananiiba halafu wananikoroga.

Kihesa_Juu: Ndiyo maana nasema lipieni nyimbo mtandaoni, usikilize kwenye simu.

Derevamate_Tunduma: Bando unalipa wewe? Na ukiwa porini huna mtandao unaimba mwenyewe?

Kihesa_Juu: Unapakua kabla ya safari. Ushamba tu huo.

Mzee_Mafinga: Kijana, neno hilo umelitumia sana leo.

Mpanda_Mpunga: Sauti_ya_Pili, mimi si mtu wa maneno mengi. Elfu tano yenu naituma leo, nyimbo zenu nazipenda, hata majina yake sikuyajua, kwenye kidude zimeandikwa "Track 03", "Track 07". Nitumie hizo faili niweke kihalali.

Sauti_ya_Pili: Ubarikiwe kaka. Ila faili hatuna, studio walitupa CD. Nitakutumia kwa basi, utaipokea Igurusi.

Mpanda_Mpunga: CD nitaipigia wapi? Huku nani ana kompyuta yenye tundu la CD?

Flashi_na_Kadi: Mimi ninayo. Elfu moja tu.