Tupeane uzoefu: printa ya wino ipi haijakufilisi, na wino unaubana vipi?

Kifutio
Wakuu, leo nimebeba printa ya tatu kuipeleka stoo, ikakae na zile mbili. Nilipoinunua niliangalia bei ya mashine tu, na ilikuwa rahisi kweli. Katriji zilizokuja ndani ya boksi kumbe ni za kuanzia, hazijajazwa kama zile zinazouzwa peke yake, na hakuna aliyeniambia. Taa ya wino ilipowaka mapema nikahesabu karatasi: kurasa 63, karibu zote kazi za shule za watoto. Kwenda kuulizia katriji mpya, nyeusi na ya rangi, jumla inakaribia bei ya printa nzima. Nikataka kununua printa nyingine kwa ajili ya wino wake, kisha nikakumbuka hivyo ndivyo nilivyoifikia hii ya tatu.

Ya nne sitaki kukosea. Naprinti kama kurasa 30 kwa mwezi, na zinaweza kupita wiki tatu sijaigusa. Mwenye kisa akimwage hapa.

MamaPacha
Umenena. Yangu iliwaka rimu haijafika hata robo.

UsikuMrefu
Uliposema taa imewaka mwili umenisisimka. Mimi iliniwakia saa tisa usiku. Tasnifu ya kurasa 141, nakala tatu, mwisho wa kukabidhi saa nne asubuhi.

Nakala ya kwanza ilitoka salama. Ya pili ilipofika ukurasa wa 88, printa ikanyamaza. Nikadhani karatasi imekwama, nikafungua, nikafunga. Kwenye kioo ikaandika wino wa waridi umeisha. Waridi! Tasnifu nzima ni maandishi meusi, hata grafu nilizichora nyeusi na kijivu kwa makusudi ili nisile rangi. Katriji nyeusi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Printa ikakataa katakata kutoa hata nukta mpaka waridi ibadilishwe.

Nilikaa sakafuni katikati ya karatasi. Nikaizima na kuiwasha mara nne, na kila ikiwaka inakoroma dakika nzima ikijisafisha. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kule kukoroma ndiko kunakokunywa wino, yaani nilikuwa nazimaliza na zile rangi nyingine kwa mkono wangu. Saa kumi na moja nikampigia mwanafunzi mwenzangu ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu muhula wa kwanza. Ana printa ya leza. Alifungua mlango amejifunga shuka, akachukua flashi mkononi mwangu, hakuuliza neno. Nilikabidhi saa nne kasoro dakika kumi. Ile nakala ya pili ina kurasa 87 za wino na 54 za tona. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona kabisa pale zinapoanza kung'aa.

MamaPacha
Nimesoma nikiwa nimeshika kifua.

FundiKiraka
Dada UsikuMrefu, pole sana. Printa nyingi ndivyo zilivyo: rangi moja ikiisha zote zinagoma. Kabla hujanunua uliza swali hilo hilo: rangi ikiisha, nyeusi itaendelea?

Jingine, "kijivu" kwenye mipangilio si sawa na "wino mweusi tu". Kijivu mara nyingi huchanganya rangi ili vivuli viwe laini. Na ukiiambia printa karatasi ni ya picha wakati umeweka ya kawaida, baadhi ya mashine huacha nyeusi yake ya maandishi na kutengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi zote. Ndiyo maana mtu anasema "mimi naprinti barua tu, rangi zangu zinaenda wapi?"

Kifutio, wewe unayekaa wiki tatu: zima printa kwa kitufe chake, usichomoe ukutani. Kitufe kinakirudisha kichwa, ile sehemu yenye matundu inayorusha wino kwenye karatasi, pembeni kwenye kifuniko chake. Ukichomoa ghafla kichwa kinabaki wazi, kinakauka, na ukija kuwasha kinajisafisha kwa wino wako. Na kila wiki toa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata picha ndogo kama kidole.

Chaki
Kurasa 30 kwa mwezi za nini kusumbuka? Nunua leza nyeusi tu. Tona ni unga, haikauki. Iache miezi sita, iwashe, inaprinti.

MamaPacha
Na ramani za jiografia za mtoto zipake nani rangi?

Bomba_la_Sindano
Jamani, huu ni mwaka wangu wa nne sijanunua katriji. Bomba la sindano, glavu, wino wa chupa. Unabandua karatasi ya juu ya katriji ya rangi, unakuta vitundu vitatu. Unazamisha sindano kwenye sponji, mililita 2 kila rangi, taratibu kama unamnywesha mtoto dawa. Ikianza kuchungulia juu, acha. Ikifurika rangi zinaingiliana, na kesho yake njano yako inatoka kijani. Usisubiri iishe kabisa, maana sponji ikikauka hewa inaingia, na kile kichwa kidogo cha katriji hupozwa na wino huo huo. Kikichapa bila wino kinaungua.

Wino ni wino. Mengine yote ni biashara ya watu.

Mwalimu_wa_Zamu
Bomba, usidanganye watu. Wino si wino. Nilijaza wa pigmenti kwenye printa ya wino wa rangi nyevu, ile inayoyeyuka kabisa majini. Pigmenti ni chembechembe zinazoelea. Siku kumi tu matundu yakaziba, mistari meupe katikati ya mtihani wa darasa zima, wanafunzi wakauliza swali la saba limeandikwaje. Na printa yangu kichwa hakiko kwenye katriji, kimejengwa ndani ya mashine. Bei ya kichwa ilizidi ya mashine.

Bomba_la_Sindano
Kosa ni kutosoma chupa, mwalimu.

Mwalimu_wa_Zamu
Chupa iliandikwa inafaa printa zote, kaka. Niliisoma.

FundiKiraka
Ndugu zangu, mnaongelea mashine mbili tofauti. Canon na HP za nyumbani hutumia joto: wino unachemshwa ghafla, povu linausukuma nje. Epson na Brother hutumia kijiwe kinachojikunja kikipata umeme, kinausukuma wino bila kuuchemsha. Wino uliotengenezwa kwa kimoja usiudhanie kwa kingine. Na hiyo ya joto yenyewe ilizaliwa kwenye bomba la sindano: mwaka 1977 mtafiti wa Canon, Ichiro Endo, pasi ya kulehemu iligusa sindano yenye wino, wino ukaruka. Kwa hiyo Bomba ana nasaba nzuri, lakini Mwalimu ana haki kuhusu chupa.

Kichwa kikiwa kwenye katriji, ukikiua umeua katriji. Kikiwa kwenye mashine, umeua mashine. Anayetaka kujifunza kujaza aanzie kwenye ile ya kwanza.

Rula30
Mimi sikukosea wino, nilikosea kubonyeza "ndiyo". Printa iliomba kusasisha programu yake usiku, nikaruhusu. Asubuhi katriji ile ile, iliyofanya kazi jana yake, eti haitambuliki kwa sababu chipu si ya kampuni. Nilikuwa na nyingine tatu mpya za aina hiyo kabatini.

Bomba_la_Sindano
Hapo sasa! Na sheria iko upande wetu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2017, kesi ya Impression Products na Lexmark: ukishaiuza katriji, huwezi tena kutumia hataza, ile haki ya mvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza na kuiuza.

Rula30
Asante, ila chipu ya printa yangu haijasoma hukumu. Waliozima masasisho mapema ndio waliopona.

Chaki
Sasisho nyingine zinaziba mianya ya usalama, msizime tu kila kitu.

BahashaYaKaki
Sijawahi kusimulia hili kwa mtu. Yangu ilikuwa ya matanki, zile unazojaza wino wa chupa badala ya katriji, nzuri, niliipenda. Miaka mitatu, picha nyingi, hasa zile zisizo na ukingo mweupe. Siku moja taa mbili zikapepesa kwa zamu na mashine ikagoma: sponji la wino taka limejaa. Sikujua hata kama lipo. Kumbe kila inapojisafisha wino ule hauendi hewani, unashuka chini ya mashine kwenye sponji, na printa inahesabu. Picha zisizo na ukingo nazo hupuliza wino pembeni mwa karatasi, unaishia huko huko.

Nikapata programu ya kurudisha hesabu sifuri. Dakika mbili, ikafufuka. Nikafurahi. Baada ya miezi ikagoma tena, nikairudisha tena. Mara ya tatu vilevile. Sponji sikuligusa.

Printa ilikaa juu ya meza yenye droo. Asubuhi moja nafungua droo kutafuta kalamu, naona weusi umechora mstari kwenye mbao za ndani, umeteremka, umetua kwenye bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu wawili, nakala halisi. Cha mkubwa kilipona. Cha mdogo wino umeingia kwenye jina la pili na nusu ya tarehe. Nilikishika kwa ncha za vidole na bado kilikuwa kibichi.

MamaPacha
Yesu wangu. Cheti!

Rula30
Uliosha na nini?

Chaki
Spiriti kidogo kwenye pamba.

Mwalimu_wa_Zamu
HAPANA spiriti. Itaeneza, na itachukua na mhuri.

BahashaYaKaki
Nilikandamiza kwa tishu tu, bila kusugua. Kilichobaki ndicho kilichobaki.

UsikuMrefu
Dada, jina linasomeka?

BahashaYaKaki
Ukiweka taa nyuma yake, ndiyo. Nimeshakipiga picha hivyo hivyo na nimeanza kufuatilia nakala mpya. Mwanangu ananiuliza kwa nini jina lake limelowa.

FundiKiraka
Pole mama. Ile programu hairudishi sponji, inairudishia printa ujinga. Kurudisha hesabu na kubadilisha sponji ni kazi moja, si mbili. Wanunuzi, hii iwe kwenye maswali yenu: wino taka unaenda wapi? Kuna matoleo yenye kisanduku unachochomoa mwenyewe na kuweka kingine. Lipa zaidi uipate hiyo. Na printa isikae juu ya kitu chochote usichotaka kipotee.

Rula30
Matanki yenyewe bado yanalipa?

FundiKiraka
Kwa anayeprinti sana, mno. Epson walianza kuyauza Indonesia mwaka 2010, kule watu walikuwa tayari wanazifunga printa mirija na chupa za nje. Chupa nyeusi ya mililita 65 au 70 hutajwa kurasa elfu nne na zaidi, wakati katriji ndogo nyingi ni mia na kitu. Ila idadi za kwenye boksi hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya ISO, printa ikichapa mfululizo. Wewe unayeprinti mbili leo na moja wiki ijayo, sehemu ya wino inaishia kwenye kujisafisha. Usitegemee kuifikia.

Chaki
Badilisheni fonti, yaani aina ya herufi kwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay mwaka 2010 kilihamia Century Gothic kwenye barua pepe zake, kwa hesabu kwamba hula wino pungufu kama asilimia 30 kuliko Arial.

Mwalimu_wa_Zamu
Herufi zake ni pana. Mtihani wangu wa kurasa mbili ulikuwa tatu. Mimi nachagua "rasimu" kwenye mipangilio, wino unafifia kidogo lakini mwanafunzi anasoma.

Kifutio
Nimerudi. Baada ya kusoma yote nimeitoa ile ya tatu stoo, ni ya kichwa kwenye katriji. Kabla sijanunua ya nne nimefanya hivi: tishu imekunjwa mara nne, maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, katriji ya rangi nimeisimamisha juu yake upande wa matundu, shaba zake za kupitisha umeme sikuzigusa. Dakika tano. Nimeinua, naona mistari miwili kwenye tishu: samawati na njano, safi kabisa. Waridi hamna kitu.

Bomba_la_Sindano
Usisugue. Badilisha tishu, ongeza maji kidogo, iache dakika kumi.

Kifutio
Nimeiacha. Watoto wote wawili wamesimama hapa wanaitazama.

UsikuMrefu
Nasubiri na mimi.

Kifutio
Imetoka. Nyembamba kama uzi, lakini ni waridi.