Tupeane uzoefu: parokia za mitaa yetu Goma zilianzaje?

Mwana Ndosho: Tumsifu Yesu Kristu. Mji umepanuka kuelekea Sake, na vijana wanadhani parokia zetu zilikuwapo tangu zamani. Tukusanye historia wazee wangali hai. Anzeni na kitabu cha ubatizo: wazazi, wasimamizi, padri, tarehe. Pembeni huandikwa kipaimara na ndoa. Aliyebatizwa kabla mtaa wake haujapewa parokia, mtafuteni kwenye kitabu cha parokia mama. Jina halihamishwi.

Katekista Katoyi: Kweli kabisa. Wengi wanatafuta jina mahali lisipo.

Mzee wa Majengo: Na tarehe ya kuzaliwa parokia ni ipi? Shirika, yaani jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa, huanzia nyumbani kwa watu, likajenga kanisa la mbao, ndipo padri anaanza kuja. Mimi nahesabu tangu misa ya kwanza.

Mwana Ndosho: Hapana, mzee wetu. Askofu peke yake ndiye huanzisha parokia, akiisha kusikiliza baraza la mapadri. Bila hati yake ni kigango, yaani tawi la parokia nyingine, hata waumini wakijaa mpaka barabarani.

Mzee wa Majengo: Basi andika zote mbili. Waliotoa mbao wasifutwe na hati.

Dada wa Birere: Mnabishania hati, na katedrali ya Mtakatifu Yosefu je? Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu Nyiragongo haikumwaga moto kutoka kileleni. Ilipasuka ubavuni upande wa kusini, nyufa zikashuka mpaka Munigi, karibu kabisa na mji. Ndiyo sababu watu hawakupata muda. Lava, mawe yaliyoyeyuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata mji katikati hadi ziwani, watu wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na watoto mgongoni. Katedrali iliungua, lava ikajaa ndani, kuta zikabaki zimesimama juu ya jiwe jeusi. Katika mji huu, kitabu kisicho na nakala mahali pengine kiko hatarini kila siku.

Mama Shirika, Himbi: Ee Mungu. Kitabu kikiungua, mtu anafanyaje kuthibitisha ubatizo wake ili afunge ndoa?

Katekista Katoyi: Mama, kanuni 876 ya sheria za Kanisa: shahidi mmoja asiye na mashaka anatosha. Mlete msimamizi. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe.

Fundi Kyeshero: Someni na jengo. Gesi ya volkano ikichanganyika na mvua inakula mabati. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati linapolalia jingine. Mabati ya rangi mbili? Ulizeni lini yalibadilishwa, lini kanisa liliongezwa. Mnaojenga upya, gongeni lava iliyoganda kwa nyundo nzito kwanza. Ikilia tupu, chini kuna pango na sakafu itazama.

Kijana wa Kwaya: Tupige picha kurasa zote kwa simu!

Katekista Katoyi: Usifanye hivyo, mwanangu. Mle mna siri za familia. Paroko ndiye anayeruhusu. Nyinyi nakilini miaka na majina ya mapadri.

Fundi Kyeshero: Mimi naona picha ni bora, ila zikae kwa paroko.

Mama Shirika, Himbi: Na wanaotafuta misingi ya makanisa ya zamani kule Bulengo, msishuke mabondeni alfajiri. Mazuku, hewa nzito yenye kuua itokayo ardhini, hulala chini mpaka upepo uamke. Mkiona ndege au panya wamekufa, rudini.