Feni mbili za paa zinazunguka lakini moshi hautoki, na mlango unavutwa kwa mikono miwili. Tufanyeje na winta hii?

mchomeleaji_kaskazini:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa yeyote anayejua mambo ya hewa viwandani maana tumekwama na baridi ndo kwanza inakaza.

Niko Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis, nachomelea kwenye karakana ya matela ya malori. Tuko 14, nusu yetu tunaongea Kiswahili, Wakongo, Wakenya na sie wa Bongo. Jengo ni kama mita 30 kwa 20, kwenda juu mita 6. Juu ya paa kuna feni mbili za kutoa moshi, kibao cha kila moja kinasema futi za ujazo 5,000 kwa dakika.

Kiangazi hatuna shida, milango mikubwa iko wazi na moshi unapanda zake. Ikifika Novemba tunafunga kila kitu na hapo ndo tabu inaanza, moshi unatanda kichwani kama jiko la kuni lisilo na dirisha, feni unazisikia zinanguruma juu lakini moshi hauendi popote. Mlango mdogo wa wafanyakazi lazima uuvute kwa mikono miwili, chini yake hewa inapiga mluzi, wenzetu wanaofanya kazi karibu na hapo miguu inakufa ganzi. Sisi wa katikati kuanzia saa nane mchana kichwa kinauma, nikifika nyumbani baada ya saa moja hivi kinaacha. Watu wanasema ni moshi wa weldi tu, sijui.

Tukipandisha mlango mkubwa kidogo upepo unapeperusha gesi ya kukinga weldi na kazi inatoka na vitundu, kwaiyo inarudiwa.

Bosi anataka kuongeza feni ya tatu. Nilimwambia labda tuingize hewa toka nje akasema hewa ya nje iko chini ya sifuri, kuipasha moto ni kuchoma hela. Je feni ya tatu itasaidia? Kupasha moto tuna hita nne za gesi zinazoning'inia darini, na pembeni ya vyoo kuna hita ya maji ya gesi ya zamani.

Dakti_na_Feni:

Ndugu yangu, kabla ya feni tuongelee hicho kichwa, kwa sababu ndo kilichonifanya niache chakula nijibu. Mimi ni fundi wa mabati na hewa hapa Edmonton, Kanada, mwaka wa 16 huu.

Hita ya maji ya zamani inategemea moshi wake upande wenyewe kwenye bomba kwa kuwa ni wa moto na mwepesi, na nguvu ya huo moshi kupanda ni ndogo sana. Sasa feni zenu zinatoa hewa, jengo limefungwa, hewa inatafuta tundu lolote la kuingilia, na lile bomba ni tundu lililo wazi mpaka angani. Hewa baridi inashuka humo na moshi wa gesi unamwagika ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Jengo likivuta kwa paskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 5 hadi 12 tu hilo linaweza kutokea, na mlango wa kuvuta kwa mikono miwili maana yake mmeshafika 12 au mmepita. Kichwa kinachouma kazini na kuacha nyumbani ni dalili yake hiyohiyo.

Kesho fanya hivi. Washa kijiti cha udi, mbali kabisa na thina na rangi, kisogeze ukingoni mwa ule mwavuli wa bati ulio juu ya hita ya maji, hita ikiwa inawaka na feni zote mbili zinazunguka. Moshi wa udi ukivutwa kuingia kwenye bomba, sawa. Ukisukumwa kuja usoni kwako, hita izimwe saa hiyohiyo na mlango mkubwa upandishwe, kazi iharibike isiharibike. Alafu mtafute kipimo cha kaboni monoksaidi kinachoonyesha namba. Kile king'ora cha nyumbani msikitegemee, kwa kiwango cha sehemu 70 za gesi hiyo kwenye sehemu milioni za hewa kinaruhusiwa kukaa kati ya saa 1 na 4 kabla hakijalia, wakati sheria ya kazi Marekani inaweka mwisho kuwa wastani wa 50 kwa saa 8.

Sasa feni. Chukua chupa ya plastiki tupu uifyonze kwa mdomo. Mwanzo hewa inatoka, alafu chupa inabonyea na hata ufyonze vipi hakuna kinachokuja. Jengo lenu ni hiyo chupa. Zile feni za propela za paani ni dhaifu kwenye kuvuta, zikikosa hewa zinazunguka tu na kupiga kelele, kibao kinasema 5,000 lakini kinachotoka ni pungufu kabisa. Ukiweka ya tatu zitagombania hewa ileile, mlango utakuwa mzito zaidi na bomba la hita litarudisha moshi zaidi. Mwambie bosi asinunue.

Mnachohitaji ni mashine ya kuleta hewa ya kujazia, ivute toka nje, iichuje, iipashe moto, iisukume ndani kwa kiasi kinachokaribia kile kinachotoka. Kwa futi 10,000 kwa dakika hiyo ni mita za ujazo 4.7 kwa sekunde, kwa saa moja ni kama tani 20 za hewa. Nje ikiwa -20 na ndani mnataka 18, unazidisha 1.2 (kilojuli za kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja) mara 4.7 mara tofauti ya nyuzi 38, unapata karibu kilowati 215. Ndo maana bosi anaogopa.

Ila hapo kuna kitu hajakiona, kiasi chochote kinachotoka kwenye feni leo tayari kinaingia kwenye nyufa kikiwa baridi na hizo hita nne zinahangaika kukipasha. Analipia tayari, ila analipia hewa inayoingia kwa kuiba, kwenye miguu ya watu.

Boila_ya_Mufindi:

Nimesoma nikakumbuka mbali. Mimi nilikuwa mwendesha boila kiwanda cha chai Mufindi, miaka 11. Kule majani yakitoka shambani yanatandazwa kwenye matanki marefu, feni inasukuma hewa chini yake ili yanyauke, na mwezi wa sita na wa saba ukungu ukishuka hewa ni baridi na nzito kwa maji, hayanyauki ng'o, kwaiyo hewa inapitishwa kwanza kwenye radieta za mvuke. Boila yetu ilikula kuni za mikaratusi.

Anachosema huyu wa Edmonton ni kweli kabisa, sisi tuliwahi kuhangaika wiki nzima majani ya tanki moja yanalala mabichi, tukabadilisha mkanda wa feni, tukasafisha radieta, kumbe walinzi walikuwa wanafunga lile lango la nyuma usiku na chumba cha feni hakina pa kuvutia. Tulipotoboa ukuta tukaweka wavu ikaisha siku hiyohiyo.

Swali langu, kwanini wasitumie radieta za mvuke? Joto lake ni tulivu na hakuna moto karibu na watu.

Dakti_na_Feni:

@Boila_ya_Mufindi asante mzee wangu, huo mfano wa lango nitautumia kazini. Mvuke ni mzuri ukiwa na boila tayari, ila Mufindi hakuna -20. Mvuke ukishapoa unakuwa maji, na maji yakichelewa kutoka kwenye mirija ya chini wakati hewa ya -20 inapita juu yake yanaganda na mrija unapasuka. Nimebadilisha radieta zilizopasuka hivyo zaidi ya mara moja. Inawezekana kuzuia, unaacha mvuke umefunguliwa wote muda wote na joto unaliongoza kwa milango ya bati inayopitisha hewa pembeni ya radieta, lakini kwa karakana isiyo na boila kabisa ni kujitafutia kazi. Kwao ni gesi.

Na gesi kuna aina mbili. Moja moto unawaka ndani ya hewa yenyewe inayoingia, haina bomba la moshi, karibu joto lote linabaki kwenye hewa. Nyingine moto uko kwenye chumba chake, hewa inapita nje ya mabati ya moto, na moshi unatolewa kwa bomba, hapo kama asilimia 20 ya joto inapotea. Mimi kwa karakana ya kuchomelea ningechukua ya kwanza.

Rangi_Safi:

Mimi ni dada, napaka rangi hapa Ohio, kwetu Kisii. Kaka wa Edmonton umeelezea poa sana lakini hapo kwa aina ya kwanza wacha niseme nilichoona. Ule moto unatoa maji mengi, gesi ikiungua inatoa mvuke. Kwetu vyuma vikitoka nje vimeganda, vikiingia ndani vinatoa jasho hadi vinadondosha, na rangi haishiki. Tulibadilisha tukaweka ile ya bomba na mambo yakatulia. Kama huko kwa matela kuna kona ya kupaka rangi, fikirieni hiyo.

Pili, mnatumia ile dawa ya kupuliza ya kusafisha breki? Angalieni mkebe, ikiwa ina klorini itoeni kabisa hapo. Mvuke wake ukikutana na moto ama na mwanga wa weldi unageuka gesi ya sumu ya kuchoma mapafu. Hii si hadithi ya kutishana, nyinyi ni ndugu zangu hata kama sijui sura zenu.

Dakti_na_Feni:

Dada yuko sahihi kwenye yote mawili, la jasho sikulipa uzito maana sisi tunafunga sana sehemu za weldi tupu. Kama kuna rangi chukueni ya bomba. Na hizo hita za kuning'inia zikivuta hewa yenye klorini kwenye moto wake, mabati yake ya ndani yanaliwa na kutu mpaka yanatoboka. Ukichagua ile ya moto wazi sharti ivute hewa ya nje tu na ifungwe pamoja na feni za kutoa, feni zisipozunguka nayo isiwake.

mchomeleaji_kaskazini:

Wakuu nimerudi. Jana nilienda na udi wa mke wangu. Nilimwita bosi aone mwenyewe. Feni zikiwa zimezimwa moshi wa udi ulipanda vizuri kwenye bomba. Tulipowasha feni zote mbili haikufika nusu dakika, moshi ukageuka ukaja kwetu, na bosi aliweka mkono pale akasikia joto linatoka nje ya mwavuli. Hakusema kitu, akaenda kufunga gesi ya hita mwenyewe. Leo tunafanya kazi na feni moja, mlango umepandishwa kiganja kimoja, tumeweka mapazia ya kuzuia upepo kwenye meza za weldi. Ameazima kipimo. Na mkebe wa breki ulikuwa na klorini, tumetoa yote.

Nashukuru mno, nimelala nikiwaza wale vijana wawili wanaokula chakula chao pale karibu na hita kwa sababu pana joto.

Sasa anauliza bei, na kama kuna njia ya kupunguza hizo kilowati 215. Na mashine ikija ipulizie wapi?

Dakti_na_Feni:

Alhamdulillah. Hao vijana wapimwe wakilalamika chochote.

Kupunguza, anza na kutoa. Kunyonya moshi ukiwa paani ni kunyonya jengo zima. Weka mikono ya kunyonya, yaani mabomba yanayokunjika, mdomo uwe kama sentimita 30 kutoka kwenye weldi au karibu zaidi, na hapo kuna siri kubwa, ukisogeza mdomo nusu ya umbali hewa unayohitaji inashuka mpaka karibu robo ya ile ya mwanzo. Ukiacha mdomo mita moja juu kwa uvivu umeharibu yote. Mkipata meza 6 za namna hiyo huenda mkatosheka na futi 5,000 jumla badala ya 10,000, na joto la kununua linakuwa nusu. Ile -20 ni ya siku mbaya pia, wastani wa Januari hapo Minneapolis ni kama -9, kwaiyo hesabu ya bili aifanye na hiyo. Bei ya mashine achukue kwa mafundi watatu, nikitaja mimi nitadanganya.

Joto la hewa inayoingia msizidishe, mtu anayechomelea ana nguo nzito na moto mbele yake, nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Imwagwe kwa upole mita 2.5 hadi 3 kutoka sakafuni, isambazwe kwa midomo mingi, isipulize moja kwa moja kwenye meza za weldi maana itaharibu gesi na kuusukuma moshi mbali na mikono ya kunyonya. Ikimwagwa juu darini itatoka na feni kabla haijamfikia mtu. Pa kuvutia nje pawe upande upepo unakotoka, mbali na feni za kutoa, na juu kuliko theluji inapofika. Kona ya rangi iingize pungufu kidogo kuliko inayotoka, harufu isihamie kwa wengine.

Na mwambie bosi MNOSHA, ofisi ya usalama kazini ya jimbo la Minnesota, wana kitengo cha ushauri, ni bure kwa karakana ndogo, mwajiri anaomba mwenyewe, na hakiko pamoja na wale wakaguzi wa faini. Waje wapime kabla na baada.

Hita ya maji hata mashine ikifika isirudishwe hiyo ya zamani. Weka ya umeme, au ile inayovuta hewa yake toka nje kwa bomba lake.

mchomeleaji_kaskazini:

Nimemtafsiria bosi yote kwa simu yangu, amepiga picha. Hao wa ushauri ameshawapigia. Hita ya umeme imeagizwa, Ijumaa inafungwa. Nitaleta namba za kipimo hapa wakishapima.