Programu za bure za kuhifadhia tenzi za babu

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum. Nimenunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, yenye RAM ya GB 4 na Windows 10, nami nataka kuhifadhia humo tenzi za marehemu babu yangu. Baadhi zimo katika madaftari kwa hati ya Kiarabu, na nyingine bibi alizisoma tukamrekodi kwa simu, feni ikivuma juu yake. Programu ya kuandikia aliyoitia muuzaji inadai leseni kila nikiifungua. Naomba ushauri wa programu za bure, mkizingatia kuwa bando ni ghali na umeme hukatika ghafla.

Mwalimu wa Malindi
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Iondoe hiyo, kwani nakala zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, kisha upakue LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kutoka tovuti yake yenyewe. Inasimamiwa na The Document Foundation tangu 2010, haidai leseni ya kulipia, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti.

Kuhusu madaftari, washa maandishi changamano (Complex Text Layout, kwa hati kama ya Kiarabu) katika mipangilio ya lugha ya LibreOffice, nawe utapata vitufe vya kugeuza aya ianzie kulia. Fonti ninayoipendekeza ni Scheherazade New ya shirika la SIL, ambayo pia ni ya bure, kwa sababu ina پ, چ na ڤ, herufi ambazo Kiarabu chenyewe hakina lakini Kiswahili kinazihitaji. Tengeneza jedwali la safu mbili, hati ya babu upande mmoja na herufi za Kilatini upande wa pili, ubeti kwa ubeti. Nakusihi usimsahihishe: alipoandika "ndia", usiweke "njia", hata kikagua tahajia kikipiga mstari mwekundu, maana hicho ndicho Kiamu chake, lahaja ya Lamu.

Kwa ajili ya umeme, punguza muda wa kujihifadhi kwa faili uwe dakika 2.

Msikilizaji wa Shela
Kwa sauti za bibi, tumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Simu nyingi hurekodi kwa faili za aina ya m4a, na kwenye Windows Audacity haizifungui mpaka uiongezee FFmpeg, programu ya kusomea aina nyingi za faili za sauti, ambayo nayo ni ya bure. Tafuta sekunde chache ambapo feni peke yake ndiyo inayosikika, kabla bibi hajaanza kusoma, uzichague na kuiagiza programu izichukue kama kielelezo cha kelele. Kisha chagua rekodi nzima na uipunguze kelele hiyo kidogo tu, kwa sababu ukizidisha, sauti yake itakuwa kama inatoka ndani ya pipa. Fanya haya yote kwenye nakala, na rekodi ya asili usiiguse.

Fundi wa Mkomani
Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi ningeweka mahali pake Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure ulio mwepesi, ambayo RAM ya GB 4 inaitosha na LibreOffice imo tayari. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Mwalimu wa Malindi
Naafikiana na fundi, ila kabla ya kubadilisha mfumo, rekodi zote na picha za kila ukurasa wa madaftari ziwe kwenye diski mbili za nje, moja ikae kwako na nyingine kwa jamaa aliye nyumba tofauti.