Naomba ushauri: moyo wa mzee unakosa damu akifanya mazoezi ila hasikii maumivu yoyote

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kuhusu mzee wangu, ana miaka 63, ana kisukari na mishipa ya moyo imeziba kiasi. Juzi kapimwa moyo huku anatembea kwenye mashine ya mazoezi, mi nimesimama pembeni naangalia, mapigo yalivyofika 120 mstari kwenye skrini ukaanza kushuka, daktari akasema hapo moyo unakosa damu, na mzee anaongea tu vizuri, hata kifua hajashika. Tukaambiwa kisukari kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu ndo maana hasikii kitu, ila kutosikia maumivu sio kwamba yuko salama. Mazoezi asiache ila mapigo yasizidi 110, na dawa ya kupunguza mapigo asiruke.

Sasa shida ni mzee mwenyewe, anasema "mbona siumwi", alfajiri anatoka anapanda kilima mbiombio, mi nabaki roho juu mpaka nisikie geti. Wenye wagonjwa wa hivi, mapigo mnayapimaje akiwa njiani, saa ya mkononi inatosha kweli au tununue ule mkanda wa kifuani? Na mlimwelewesha vipi mtu asiyesikia maumivu?