Wana wa Marangu: maandalizi ya upasuaji wa Ndeshi

Jumamosi, tarehe 1

Aikande, saa 1:40 usiku
Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za jioni. Ndeshi ameniruhusu kulileta jambo hili hapa waziwazi, ili watu waache kupigiana simu pembeni. Jumanne ya tarehe 18 atafanyiwa upasuaji wa kuondoa vipandikizi vya matiti hapa Moshi. Kile cha kulia kimezungukwa na kovu ambalo limekaza mpaka titi limekuwa gumu na linamuuma hata akilala, na altrasaundi imeonyesha kwamba silikoni inavuja. Daktari atavitoa vyote viwili pamoja na ganda la kovu lililovizunguka. Bima yake haigusi gharama hizi. Naomba kila mmoja aseme usiku huu atashika nini: mchango, gari la kumrudisha nyumbani, na zaidi ya yote mtu wa kulala naye.

Aikande, saa 2:25 usiku
Naona tiki za bluu zimejaa, lakini bado sijaona jibu.

Elibariki, saa 2:31 usiku
Dada, pole kwa kazi. Mchango nitatoa, ila Noah iko gereji. Naomba kuuliza kwa nia njema: vitu hivyo si vikishawekwa hubaki humo maisha yote?

Upendo, saa 2:44 usiku
Kaka Eli, hilo ndilo ambalo Ndeshi hakuelezwa alipowekewa. Havikutengenezwa vidumu maisha yote, na kadiri miaka inavyopita ndivyo uwezekano wa kupasuka au kubanwa na kovu unavyoongezeka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri kwamba mwenye vipandikizi vya silikoni apigwe picha ya altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama hasikii maumivu yoyote, kwa sababu silikoni huweza kuvuja bila mwenyewe kujua. Vya Ndeshi ni vya mwaka 2012, na picha ya kwanza amepigwa mwaka huu alipozidiwa. Mimi kama muuguzi jambo hili linaniuma.

Baba Mdogo Ndesario, saa 3:02 usiku
Nimesikia kwamba vitu hivi vinaleta saratani. Mtoto anaumwa nini hasa? Msitufiche.

Upendo, saa 3:10 usiku
Shikamoo Baba Mdogo. Hatufichi kitu. Ipo saratani ya tezi za limfu inayojitokeza kando ya kipandikizi, lakini ni ya nadra, na imehusishwa hasa na vipandikizi vyenye ngozi ya nje iliyokwaruzwa. Kwa sababu hiyo kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vya aina hiyo mwaka 2019. Ndeshi hajaambiwa kwamba anayo. Ganda litakalotolewa litapelekwa maabara lichunguzwe, na daktari ameomba ile kadi inayotolewa siku ya kuwekewa, yenye jina la kampuni, aina na namba ya kipandikizi, ili ajue anakwenda kutoa kitu gani.

Aikande, saa 3:15 usiku
Kadi hiyo iko ndani ya sanduku lake lililoko mtaa wa Sakina, nyumbani kwa shemeji. Elibariki, wewe ndiye uliye Arusha, nenda kalichukue kesho baada ya ibada.

Elibariki, saa 3:21 usiku
Dada Aikande, unajua vizuri maneno niliyoambiwa pale getini mara ya mwisho. Ule uwanja siukanyagi.

Godlisten, saa 3:24 usiku
Nitumeni mimi, maana nina uzoefu wa kusubiri. Mwaka 2011 nilipanga foleni Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo mpaka nikafahamiana na watu wa nchi jirani, na kikombe chenyewe kilikuwa cha shilingi 500.

Manka, saa 3:25 usiku
Kaka Godlisten, wewe ndiye uliyerudi Moshi ukasema umepona macho, kisha ukaingiza baiskeli ndani ya mfereji wa Mzee Kileo.

Godlisten, saa 3:26 usiku
Mfereji ule ulikuwa umehamishwa usiku.

Aikande, saa 3:40 usiku
Naombeni turudi kwa mgonjwa. Kuna jambo lisiloweza kusubiri: daktari amemtaka Ndeshi, kuanzia Jumanne hii, aache diklopa, aspirini na vidonge vya kitunguu saumu, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu wakati wa upasuaji na baadaye. Akisikia maumivu atumie panadoli. Dawa za mitishamba nazo amezikataza zote. Kwa hiyo Wifi Mama Glory, ile mizizi uliyompelekea kwenye chupa ya soda asiiguse, na nakuomba usimpelekee nyingine.

Mama Glory, saa 4:05 usiku
Wifi Aikande, ile dawa niliitoa kwa upendo, na ungeweza kunipigia simu badala ya kunitaja mbele ya watu wote. Na kwa kuwa leo tunaulizana nani atalala na mgonjwa, naomba tukumbushane kwamba Mama alipovunjika nyonga mwaka 2012 ni mimi niliyelala wodini juu ya khanga, mwaka ule ule ambao mchango ulipopitishwa tuliambiwa kwamba wengine hawana kitu. Haikupita miezi mingi tukaanza kuona picha za Dubai. Sijalisema hili kwa miaka yote hii, lakini sijalisahau.

Manka, saa 4:07 usiku
Wifi, jamani.

Jumapili, tarehe 2

Aikande, saa 12:50 asubuhi
Amkeni salama. Mambo ya mwaka 2012 sitayajibu hapa. Nimeweka jina langu kwa chakula cha wiki ya kwanza, na chumba cha nyuma kitakuwa tayari. Bado sina mtu wa usiku. Upendo, tafadhali waeleze watu kwa nini hawezi kuachwa peke yake, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kutoa ni kazi ndogo kuliko kuweka.

Upendo, saa 2:15 asubuhi
Kutoa si kazi ndogo, hasa kovu likiwa limekaza na silikoni imevuja. Atalazwa usingizi kamili, na usiku wa kuamkia siku hiyo hatakula kitu. Kuhusu maji ataelekezwa saa ya mwisho ya kunywa, naye aifuate bila kubahatisha. Anaweza kutoka na mrija mwembamba kila upande wa kutolea majimaji, na msaidizi ndiye atakayemwaga, kupima na kuandika kiasi kila siku, kwa kuwa daktari atautoa mrija kiasi kikishapungua. Asiinue mikono juu ya mabega wala kubeba kitu kizito mpaka daktari aruhusu, na katika maisha ya nyumbani kwetu hiyo maana yake ni kwamba hatachota maji, hatafua, hatasonga ugali, hatajisuka, na hata gauni la kuvalia kichwani halitamfaa. Atafutiwe mashati ya vifungo na sidiria laini isiyo na waya inayofungwa mbele. Atalala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, na kujiinua kutoka kitandani bila kuegemea mikono ni shughuli ambayo hamtaiamini mpaka mwione. Lakini atembee ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, polepole, ili damu isigande miguuni. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo anywe maji ya kutosha, apewe papai na mboga za majani.

Jambo ninalowasihi mlishike ni hili: titi moja likivimba ghafla na kukaza kuliko jingine, homa ikifika nyuzi 38, kidonda kikiwa chekundu au kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba na kuuma au pumzi ikikata, hakuna kusubiri kupambazuke. Arudishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Manka, saa 3:30 asubuhi
Mashati nitanunua mimi soko la Memorial, na nitatuma elfu hamsini.

Glory, saa 8:20 mchana
Shikamooni. Bibi amesomewa yote tangu jana, naye ameniambia niandike maneno yake kama alivyoyatamka.

"Aliyelala nami wodini namshukuru mpaka leo, na nimemwambia hivyo mbele ya watu. Lakini nyonga iliyovunjika ni yangu, wala sijamtuma mtu anidaie. Sitaki itumike kumpigia mwanangu anayekwenda kulala chini ya kisu. Ndeshi ataletwa kwangu, nami nitampikia mtori kama nilivyowapikia ninyi nyote mlipojifungua. Atakayeona maneno yake ni ya lazima, asipande Marangu Krismasi."

Baba Mdogo Ndesario, saa 8:48 mchana
Mama amesema.

Elibariki, saa 9:05 alasiri
Tumesikia, Mama.

Upendo, saa 9:30 alasiri
Shikamoo Bibi. Kwa heshima yako yote, naomba siku za mwanzo abaki mjini. Damu ikivujia ndani, mara nyingi hutokea katika saa 24 za kwanza, na kutoka kwako mpaka lami ikinyesha hakuna gari linaloteremka haraka. Mrija ukishatolewa na daktari akaridhika, tutakuletea, naye atakaa kwako mpaka apate nguvu.

Glory, saa 9:52 alasiri
Bibi anasema amesikia. Hakusema kama amekubali.

Ndeshi, saa 2:10 usiku
Shikamoo Mama, shikamooni wote. Nimesoma kila neno. Ya mwaka 2012 nitayazungumza na Mama tukiwa wawili. Mnaouliza kama nitawekewa vingine, jibu ni hapana. Daktari amenieleza bila kunificha kwamba matiti yatakuwa madogo, ngozi italegea na kukunjamana, na itachukua miezi kadhaa kabla sijajua yatakavyokaa. Nimeyakubali hayo, lakini siku nitakayofunguliwa bandeji sijui nitayatazama vipi. Kwa hiyo simhitaji tu mtu mwenye nguvu za kuniinua kitandani. Namhitaji mtu ambaye akinifungua vifungo hatashangaa, hatanihurumia kwa sauti, wala hatanisimulia kwa mwingine. Wifi Mama Glory, unajua kumuuguza mtu kuliko sisi sote, na maneno yako ya jana hayabadilishi hilo. Ningependa ulale nami wewe. Ukikataa sitakulaumu.

Aikande, saa 2:12 usiku
Mama Glory, unaonaje?

Aikande, saa 3:00 usiku
Mama Glory, naona umesoma.

Mama Glory, saa 3:41 usiku
Nitazungumza na Baba Glory. Ile mizizi aimwage.

Aikande, saa 3:43 usiku
Asante sana. Elibariki, mpigie fundi umuulize kama Noah itakuwa imetoka kabla ya tarehe 18, na utafute mto mdogo wa kuweka kati ya mkanda wa gari na kifua cha Ndeshi. Kadi ya Sakina bado haina mtu. Godlisten, ulijitolea jana.

Godlisten, saa 4:20 usiku
Dada, niko Babati mpaka tarehe 9. Nikirudi nitapitia, ila mtu ampigie shemeji kwanza ili nisifike getini bila taarifa.

Aikande, saa 4:22 usiku
Nani ana namba yake mpya?