Binti anawafunga wote shuleni, akitoka nje anatolewa raundi ya kwanza. Nikubali apandishwe U16 (chini ya miaka 16)?

MamaRaketi:
Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo maana nyumbani tumeshagawanyika. Binti yangu ana miaka 13, yuko shule yenye akademi ya tenisi humohumo ndani, wanasoma mpaka mchana wakitoka darasani wanaingia kotini. Shuleni hana mpinzani wa umri wake, ligi ya ndani anabeba kila muhula. Balaa ni mashindano ya nje, kaenda mara 5, mara 4 katolewa raundi ya kwanza tena na watoto ambao kwa macho yangu hawamzidi kitu, wengine forihendi yao ni ya kubahatisha tu. Mechi ya mwisho kachukua seti ya kwanza, ya pili anaongoza 4-2, nikaona sevu ya pili (ile ya kurudia akikosa ya kwanza kuanzisha pointi) imeanza kuwa kama mtu anayebeba yai, akaliwa gemu 4 mfululizo na ya tatu hakuwepo kabisa. Kila pointi ikiisha ananitazama mimi. Sasa kocha anataka tumpandishe U16 "akakomae", baba yake kashakubali. Mimi najiuliza, mtoto anafungwa na wenzake halafu unampeleka kwa wakubwa akafanye nini? Na mitihani hiyo inakuja.

SevuYaPili:
Pole mama. Kumpandisha umri ni kwa mtoto aliyechoka kushinda, sio aliyechoka kufungwa. Kuna kipimo makocha wengi wanakitumia, kila mechi 3 ashinde 2 afungwe 1, akishinda zote hajifunzi na akifungwa zote anachukia raketi. Wako shuleni anashinda zote, nje anafungwa karibu zote, yaani hayuko popote.

baba_wa_korti_namba_3:
Napingana kidogo na mkuu hapo juu. U16 hakuna anayetegemea ashinde kwahiyo anapiga bila presha, wangu alifunguka hivyohivyo. Wakati mwingine kinachomuua mtoto ni kujua kwamba "huyu natakiwa nimfunge".

KochaMstaafu:
Kabla sijasema kitu naomba jibu moja. Mechi za shuleni kocha anakaa wapi?

MamaRaketi:
Benchi mkuu, wakibadilishana upande anamwambia asevu wapi. Na kuna mwalimu anahesabu pointi.

KochaMstaafu:
Nilijua. Mama, binti yako hajawahi kucheza tenisi peke yake, shuleni wanacheza watatu, yeye, kocha na huyo mwalimu. Mashindano ya timu kocha kukaa benchi ni kawaida, lakini haya ya mtu mmojammoja mengi ya vijana hayaruhusu, ni kweli kuanzia 2025 sheria za ITF (shirikisho la tenisi duniani) zimefungua mlango wa kocha kuongea lakini wenye mashindano ndio wanaamua, na hata wakiruhusu sio kocha wa kila shule atasafiri na kila mtoto. Halafu raundi za mwanzo hakuna mwamuzi wa kiti, watoto wanaita mistari wenyewe kila mtu upande wake, anayesevu ndiye anataja pointi kwa sauti kabla hajarusha mpira, na afisa mmoja anazunguka korti kadhaa. Mpira ukigusa mstari hata kwa unyoya ni ndani, usiouona vizuri pia ni ndani, lakini uliouona nje ni NJE na lazima useme. Hapo ndipo watoto wapole wanaliwa, mwenzake anaita auti mpira uliolala kwenye mstari, huyu ananyamaza, pointi mbili baadaye hesabu nayo imechakachuliwa, wewe jukwaani unaona sevu imekufa unadhani ni mkono. Mechi ijayo usitazame mpira, tazama mdomo wake. U16 iache kwanza.

Mzee wa Neti:
Nyongeza, muandikishe na dabo (wawili kwa wawili). Akitolewa singo raundi ya kwanza bado ana mechi nyingine na ana mwenzake wa kusemezana naye. Wazazi wengi wanaiona dabo kama mabaki, wakati Angella Okutoyi wa Kenya taji lake la vijana la Wimbledon 2022 lilikuwa la dabo.

mguu_na_goti:
Mimi nashughulika na majeraha, nauliza masaa. Ushauri unaotumika sana kwa watoto ni masaa ya mazoezi na mechi kwa wiki yasizidi miaka yake, wako ni 13, na siku 1 angalau asiguse raketi. Akademi za shule zinapita hapo bila mtu kugundua maana kuna mazoezi, kuna ligi ya ndani, wikendi tena mashindano. Bega la mtoto anayekua halibishani, linauma tu.

MamaRaketi:
Masaa nimehesabu jana usiku, 17. Nimeshangaa mwenyewe. Dabo sikuwahi kuifikiria, na hilo la mdomo nitaliangalia.

MamaRaketi: (wiki 3 baadaye)
Wakuu nimerudi. Nilienda mechi ya kirafiki na shule jirani, nikaomba asikae mtu benchi, nikatazama mdomo kama nilivyoambiwa. Jamani! Pointi anazitaja kwa kunong'ona kama anasali. Mpira wa mwenzake umetoka nje kiganja kizima, akaurudisha akaendelea na rali, pointi ikapotea. Namuuliza kwanini hukuita, ananijibu "mama yule dada alikuwa ananikazia macho". Nikaongea na kocha wake, mwanzoni alinuna kidogo lakini akakubali siku 2 kwa wiki wacheze bila benchi bila wa kuhesabu, na masaa tumeshusha mpaka 12.

Jumamosi kacheza U14. Raundi ya kwanza kashinda, ya pili kafungwa kwenye taibreki ya pointi 10 (ile ya kuamua mshindi badala ya seti ya tatu), 10-8. Lakini katikati ya seti ya pili mwenzake kasema ni 30-0 kumbe 15-15, binti yangu akasimama, akaweka mpira mfukoni, akanyoosha mkono kumuita afisa MWENYEWE. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya gari asinione.

baba_wa_korti_namba_3:
Haya nimenyoosha mikono 😂 U16 isubiri.

KochaMstaafu:
Safi sana. Na sevu ya pili?

MamaRaketi:
Bado yai mkuu. Bado yai.